Kikande Kinapovuka Boda

Tunduma haili kila kinachopita Tunduma. Shaba ya Zambia na ya Kongo hupita juu ya malori ikielekea bandari ya Dar es Salaam, mafuta na mbolea hupita yakielekea kusini, na mji uliokaa katikati ya foleni hiyo hula vyakula vya watu wanaosubiri: supu na chapati asubuhi, wali maharage mchana kwa mama ntilie, mishkaki na chipsi mayai giza likiingia. Vitu vya vyakula hivyo havitoki mbali. Viazi ni vya nyanda za Mbeya na Njombe, mchele ni wa bonde la Kamsamba au wa Kyela, maharage ni ya Mbozi na jirani zake. Kuna kiazi kingine, hata hivyo, kinachoteremka kutoka milima hiyohiyo ndani ya magunia, kikapita kando ya vibanda vyote hivyo pasipo kutiwa katika karai la mkaanga chipsi yeyote, kikavuka boda hadi Nakonde na kuendelea mpaka Kasama, Lusaka na miji ya Copperbelt. Huko kinageuka chakula cha mitaani kinachopendwa mno. Nyanda za Juu Kusini hukiita kikande. Upande wa Zambia, kiazi na chakula kinachotokana nacho vyote ni chikanda. Ni mzizi wa okidi wa porini, ndugu wa yale maua ambayo watu wa mijini huyajua kama pambo la mezani hotelini.

Chikanda hakipikwi kama kiazi. Vikande hukaushwa, hutwangwa vikawa unga, kisha unga huo huchanganywa na karanga zilizotwangwa, chumvi, pilipili na magadi kidogo. Mchanganyiko huo hukorogwa motoni mpaka ukaze, halafu sufuria hufunikwa na makaa huwekwa juu ya kifuniko, kama wafanyavyo watu wa pwani kwa mkate wa kumimina, ili upande wa juu nao uive. Kikipoa hukatwa vipande vya rangi ya kahawia, vyenye kuvutika kidogo, visivyo na nyama hata chembe na bado mdomoni vinafanana na soseji. Unga wa okidi ndio unaofanya kazi hiyo, kwa kuwa una ute mzito unaoshikamanisha karanga na kuzipa umbo. Kwa sababu ya mfanano huo Wazambia wamekipa chakula hiki jina la pili, polony ya Kiafrika. Polony ni soseji nene inayouzwa kote kusini mwa Afrika, na jina lake lenyewe limetokana na Bologna, mji wa Italia. Mzizi uliochimbwa Makete unauzwa Lusaka kwa jina la mji wa Wataliano, na mnunuzi hana sababu yoyote ya kuwaza ua.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Tumezoea kuizungumzia okidi ya Nyanda za Juu kama jambo la mlimani: nani anachimba, nani analinda, mipaka ya hifadhi inapita wapi. Mimi naona kwamba hatima ya mmea huu haijawahi kuamuliwa mlimani. Huamuliwa kwenye meza ya muuza chakula, kwa kile anachokiweka chini ya jina ambalo wateja wake wamelizoea. Ushahidi wa kusema hivyo hauwezi kupatikana Tunduma peke yake, kwa sababu biashara ya hapa ni changa. Inabidi kwenda kwa watu waliokula mzizi wa namna hiyohiyo kwa karne nyingi zaidi, wakaacha historia ndefu ya maneno nyuma yake. Watu hao ni Wagiriki.

Neno lenyewe okidi ni la kwao. Katika Kigiriki, orchis ni korodani, na sababu yake iko chini ya udongo. Okidi za ardhini, za Ulaya na hata zetu nyingi, hukaa na viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kimesinyaa, kwa sababu ndicho kinacholisha shina na maua ya mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa, nacho ni akiba ya mwaka ujao. Theofrasto, mwanafunzi wa Aristotle aliyeandika kuhusu mimea zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliutaja mmea huu kwa jina hilo, na Dioscorides, tabibu wa karne ya kwanza baada ya Kristo, alieleza kwamba mzizi wake huliwa ukiwa umepikwa. Aliandika pia imani ya watu wa wakati wake: mwanamume akila kiazi kikubwa atapata watoto wa kiume, na mwanamke akila kidogo atapata wa kike. Imani hiyo haina ukweli, lakini ilizaa matokeo ya kweli, maana kiazi kilichosifiwa ndicho kile kilichojaa. Mchimbaji wa Ugiriki, kama wa Ufipa, hukiacha kilichosinyaa na kuchukua akiba ya kesho. Mmea uliochimbwa kwa namna hiyo haurudi. Mbegu za okidi ni laini kama vumbi na hazina chakula ndani yake, kwa hiyo haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu fulani katika udongo, na mche unaweza kuchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza.

Waarabu waliupokea mmea huo kwa mfano uleule wa umbo, ila wao waliusingizia mbweha: kwao ilikuwa korodani za mbweha, thaʿlab. Jina likafupika katika vinywa vya watu, likawa sahlab, Waturuki wakasema salep, na Wagiriki, waliokuwa wameipa dunia jina la kwanza, wakairudisha nyumbani bidhaa yao kwa jina la Kituruki: salepi. Salepi ni kinywaji. Unga wa viazi vya okidi hukorogwa katika maji ya moto au maziwa pamoja na sukari mpaka uwe mzito kama uji mwepesi, kisha hunyunyiziwa mdalasini na tangawizi. Anayekiuza huitwa salepitzis. Hiyo -tzis ya mwisho ni kiambishi cha Kituruki cha kutajia kazi ya mtu, sawasawa na Mturuki anavyosema salepçi, na kimeshikamana na majina ya kazi nyingi za Wagiriki hata hawakisikii tena kama kitu cha kigeni. Salepitzis wa Thessaloniki hubeba au kusukuma birika kubwa la shaba lenye moto chini yake, na wateja wake wa kale walikuwa watu wa alfajiri: wachukuzi wa bandarini, wauza samaki, walevi waliokuwa wakirudi nyumbani.

Inafaa kukaa kidogo kwenye maneno ya barabarani ya Wagiriki, kwa sababu yanaonyesha jinsi jina la chakula linavyofanya kazi. Mahindi ya kuchoma wanayaita kalamboki, na mtu wa Mbozi angeyatambua kwa harufu kabla ya kuambiwa neno. Koulouri ni mkate wa umbo la pete uliojaa ufuta. Vitumbua vitamu vya kukaangwa na kumwagiwa asali ni loukoumades, na neno hilo limetoka kwenye luqma ya Kiarabu, yaani tonge. Katika luqma hiyohiyo ndimo zilimotoka kaimati za Waswahili, kwa hiyo kaimati ya Mombasa na loukoumas ya Athens ni watoto wa baba mmoja. Mishkaki huko Athens huitwa kalamaki, mwanzi mdogo, kutokana na kalamos, mwanzi. Kalamos hiyo iliingia Kiarabu ikawa qalam, kwa kuwa mwanzi uliochongwa ndio uliokuwa ukiandikia, nasi tukaipokea kama kalamu. Watu wa Thessaloniki huwacheka Waathene kwa neno hilo, kwa sababu kwao kalamaki ni mrija wa kunywea soda na mishkaki ni souvlaki. Ubishi huo una maana yake. Kila jina la mtaani linashika jambo moja tu la chakula na kuyaacha mengine: umbo la pete, ukubwa wa tonge, kijiti cha kuchomekea nyama. Vijana wetu nao walipoiita chipsi mayai zege walishika jinsi inavyoshikamana.

Lakini kati ya zege na polony ya Kiafrika kuna tofauti ambayo ndiyo kiini cha jambo. Anayeagiza zege anaona viazi vikimenywa na mayai yakipasuliwa mbele ya macho yake. Jina haliwezi kumficha kitu. Anayenunua kipande cha chikanda, au kikombe cha salepi, anapewa kitu ambacho kimekwisha kuwa unga mbali naye, na jina analoambiwa limekwisha kukata uzi kati ya mdomo wake na mmea. Mgiriki wa leo anayesema salepi hasikii mbweha wala orchis ndani ya neno hilo. Mzambia anayesema polony hasikii milima ya Makete. Kukatika kwa uzi huo ndiko kunakoruhusu mmea kumalizika bila mlaji kujua, na, kama nitakavyoeleza, ndiko pia kunakoruhusu mmea kuokoka bila mlaji kulalamika.

Turudi kwanza Tunduma, tuone biashara ilivyofika hapa. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani kwa mkataba wa 1890 uliwapita Wanyamwanga katikati, na kwa miaka mingi kilichovuka kilikuwa cha kindugu: mbuzi, nafaka, bibi harusi. Chikanda wakati huo kilikuwa chakula cha Wabemba, mbali kidogo kusini-magharibi. Audrey Richards, aliyeishi kwa Wabemba miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake kikubwa juu ya ardhi, kazi na chakula chao mwaka 1939, alieleza jinsi wanavyotenga ubwali, ugali wa ulezi, na umunani, kitoweo cha kuushushia, na jinsi vitoweo vya porini vilivyokuwa muhimu katika nchi ambayo wanaume wake wengi walikuwa wamekwenda migodini. Katika maisha ya namna hiyo mwanamke alichimba kiasi cha chungu chake. Walaji na wachimbaji walikuwa watu walewale, na aliyekula alijua ameutoa mlo wake kwenye dambo, yaani bonde la majimaji, lipi. Jina na mmea vilikuwa bado pamoja.

Miji ndiyo iliyovitenganisha. Wanaume waliokwenda Kitwe na Ndola waliwapeleka wake zao, na wake hao wakapeleka chikanda, wakaanza kukiuza kwa majirani wa makabila mengine ambao hawakuwahi kukiona kikichimbwa. Wakati huohuo siasa ilikuwa inaigeuza Tunduma kuwa lango. Mnamo Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, iliyokuwa ikitegemea njia za kusini, ikaanza kutafuta bahari upande wetu. Bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lilikamilika mwaka 1968. Barabara kuu ikajengwa na kutiwa lami katika miaka iliyofuata. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo na mafundi wa China. Njia hizo zilijengwa kwa ajili ya shaba, mafuta na ukombozi wa kusini mwa Afrika, na hakuna aliyekuwa akiwaza viazi vya okidi. Ila barabara haimchagui abiria. Okidi za Zambia zilipoanza kupungua na hamu ya watu wa mijini ikaongezeka, gunia la kikande lilikuta njia ya lami tayari ikilingojea.

Ukubwa wa biashara hiyo ulijulikana wazi mwaka 2003, pale watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walipochapisha uchunguzi wao wa Nyanda za Juu Kusini. Walikadiria kwamba viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka, na kwamba aina zipatazo 85 za okidi zilikuwa hatarini, nyingi zikiwa za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria. Wenyeji wengi wa milima yalikotoka magunia hayo hawakuwa na desturi ya kula kikande. Kwao kilikuwa kitu cha kuuza tu. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu linamaliza dhana kwamba uchimbaji ulikua kutokana na njaa au uzembe wa watu wa Makete na Ufipa. Ulikua kwa sababu sehemu nyingine, mamia ya kilomita kutoka hapo, mama mmoja alikuwa na sufuria, karanga na wateja.

Jibu la serikali lilikwenda mlimani. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 413 na aina 45 hivi za okidi za ardhini. Ulikuwa uamuzi mzuri, na sitaki hoja yangu isomwe kama shutuma dhidi yake. Hifadhi ya kwanza nchini kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua ni jambo la kujivunia. Lakini hifadhi inalinda kipande cha ardhi, wakati biashara inafuata mmea popote ulipo. Ufipa haumo ndani ya Kitulo, wala mabonde ya Makete yaliyo nje ya mpaka wake. Vivyo hivyo sheria ya kimataifa. Jamii nzima ya okidi imo katika orodha za mkataba wa CITES, ambao Tanzania na Zambia zote ni wanachama, na kwa hiyo gunia la kikande haliwezi kuvuka boda kihalali bila kibali. Hata hivyo limevuka. Boda ya Tunduma hupitisha malori mengi kwa siku, tangu Oktoba 2019 kwa utaratibu wa kituo kimoja cha pamoja na Nakonde, na kando ya kituo hicho kuna nyumba, mashamba na njia za panya ambazo ndugu wa pande mbili wamezipita tangu kabla ya 1890. Viazi vilivyokauka ni vidogo, havinuki, na machoni pa asiyevijua vinafanana na mzizi mwingine wowote wa dawa.

Sasa tuwaangalie waliotutangulia. Uturuki ilipiga marufuku kusafirisha nje unga wa okidi za porini, lakini ndani ya nchi watu waliendelea kunywa salep na kula aiskrimu ya Maraş, ile inayovutika kama mpira, ambayo siri yake ni ute wa unga huohuo. Uchimbaji haukukoma, kwa sababu marufuku iliwekwa mpakani na mlaji alikuwa ndani. Kilo moja ya unga hudai viazi 1,000 au zaidi. Kaskazini mwa Ugiriki nako okidi huchimbwa hadi leo. Kwa ushahidi huu mtu anaweza kukata tamaa na kusema kwamba mlaji akishazoea hakuna kinachomzuia. London inasema vingine.

Katika karne ya 18 unga wa okidi kutoka nchi za mashariki ya Mediterania ulifika London, na kinywaji chake kikauzwa barabarani kwa jina la saloop. Kilikuwa chakula cha asubuhi cha watu wa kazi, wachukuzi na watoto waliofagia mabomba ya moshi, sawasawa na salepi ya Thessaloniki na sawasawa, kwa nafasi yake, na supu ya asubuhi ya Tunduma. Kisha yakatokea mambo mawili. La kwanza, wauzaji wakaanza kutumia kitu kingine chini ya jina lilelile, yaani gome na mizizi ya mti wa sasafrasi kutoka Marekani, ambao ulipatikana kwa bei nafuu. Charles Lamb alipoisifu saloop katika insha yake ya 1822 kuhusu wafagia mabomba ya moshi, kinywaji alichokieleza kilikuwa cha sasafrasi. Okidi ilikuwa imeondoka na jina limebaki. La pili, ushuru wa kahawa ulipunguzwa katika miaka ya 1820, kahawa ikashuka bei mpaka ikamfikia mchukuzi, na Henry Mayhew alipowaandika wachuuzi wa barabarani wa London katikati ya karne ya 19, meza za saloop zilikuwa zimegeuka meza za kahawa. Hakuna mlinzi aliyewekwa katika milima ya Uturuki kwa ajili ya mambo hayo. Hakuna mnywaji aliyehubiriwa kuhusu okidi. Muuzaji alibadilisha kilichomo ndani ya birika, basi.

Mtu makini atapinga hapa. Atasema London haikuokoa okidi hata moja, kwa kuwa mzigo ulioachwa na Waingereza ulibaki ukinywewa na Waturuki na Wagiriki. Ni kweli, na nakubali kwamba mfano wa soko moja hauondoi masoko mengine. Kinachoonyeshwa na London ni kidogo kuliko wokovu, lakini ni cha uhakika: mahali ambapo matumizi ya okidi yalikwisha, yalikwishia mezani. Nayo salepi ya Ugiriki inaelekea njia hiyo kwa mwendo wake. Unga mwingi wa pakiti unaouzwa leo kwa jina la salep, katika Uturuki na kwingineko, ni wanga wa mahindi au wa mchele na vikolezo, ukiwa na okidi kidogo sana au bila okidi kabisa. Wenye ladha za kale wanahuzunika. Mimi, kwa upande wa mmea, naona ni habari njema, maana ute unaotafutwa na ulimi unaweza kupatikana kwa mzizi mwingine au nafaka nyingine, wakati kiazi cha mwaka ujao hakiwezi kupatikana kwa kitu chochote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linawahusu wachimbaji. Utafiti uliofanywa Makete na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba waliokuwa wakitegemea kikande zaidi walikuwa miongoni mwa wanyonge kabisa, watu wa kaya zilizopigwa na UKIMWI, ambao hawakuwa na nguvu kazi ya kulima wala mtaji wa kufuga. Kuwaambia hao waache kuchimba ni rahisi kwa asiyelala njaa. Ukibadilisha kilichomo sufuriani Lusaka, je, hukati riziki yao kimyakimya, bila hata kuwaambia? Ndiyo, unaikata. Lakini riziki hiyo inajikata yenyewe, kwani kila gunia ni akiba ya okidi za miaka ijayo, na bei anayolipwa mchimbaji ni sehemu ndogo ya ile anayoilipa mlaji. Biashara iliyokwisha kuvimaliza viazi vya kaskazini mwa Zambia haikuwaachia wachimbaji wa huko kitu chochote. Makete hakuna sababu ya kutegemea mwisho tofauti. Anayewatakia mema wachimbaji na awatafutie kipato ambacho mwaka wa pili bado kipo: viazi mviringo, pareto, maziwa. Na awatafutie sasa, kabla kikande hakijaisha, maana kikiisha watakuwa wamepoteza vyote viwili.

Pingamizi la tatu ni la heshima. Chikanda ni cha Wabemba, kilikuwa cha mama zao kabla hakijawa cha mitaa ya Lusaka, na ni nani sisi wa upande huu wa boda hata tuseme kibadilishwe? Hapa nadhani historia inajibu vizuri kuliko mtu yeyote. Chikanda cha Wabemba wa Richards hakikuwa na tatizo. Kilichokuja kuleta uhaba ni chikanda kilichoacha jina lake na kuitwa polony, kikaliwa na watu wasioujua mmea, kwa kiasi ambacho dambo lolote lisingeweza kukitoa. Kuheshimu chakula cha Wabemba kunaweza kumaanisha kukirudishia kiasi chake cha asili, kikawa cha sherehe na cha msimu, na kuiacha mitaa ile polony yake kwa unga mwingine. Jina la polony halidai okidi. Halijawahi kuidai hata Bologna.

Upande wetu, Songwe ina zaidi ya nafasi ya mtazamaji. Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2016 ukiwa na makao makuu yake Vwawa, ndio unaolishika lango, na pia unalima karibu kila kitu kingine kinachoingia katika sufuria ya chikanda. Karanga za chikanda zinaweza kutoka Momba au Mbozi kama zinavyoweza kutoka Zambia, pilipili vilevile. Tayari mahindi na mchele wa upande huu huvuka kwenda Nakonde, na dagaa wa maziwa yetu huuzwa huko kwa jina la kapenta. Wanawake wanaovusha mizigo hiyo wanawajua wapishi wa upande wa pili kwa majina, wanajua nani anakopa na nani analipa Jumamosi. Kama kuna watu wanaoweza kumshawishi mpishi wa Nakonde ajaribu unga mwingine wenye ute, ni hao, kwa sababu neno lao lina uzito wa biashara ndani yake. Kibali cha CITES hakina uzito huo mbele ya mtu anayepika saa 11 alfajiri.

Ugumu uliobaki ni wa kujua kilichomo sufuriani kwa sasa. Kiazi kikiwa na shina na ua, mtaalamu anaweza kusema ni Disa au Satyrium, pengine hata ni aina gani. Kikikauka, anabahatisha. Kikitwangwa na kuchanganywa na karanga, hakuna jicho linaloweza kutofautisha okidi iliyojaa kila bonde na okidi iliyobaki kwenye kilima kimoja tu. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kazi ambayo Theofrasto asingeielewa: walichukua chikanda kilichokwisha kupikwa, wakakisoma kwa vinasaba, na ndani yake wakakuta okidi za aina nyingi kwa pamoja, zimechanganyika katika mkate mmoja uliokuwa tayari kuliwa.